Umekuja Kuona Nini?

Foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mlango wa kioo, na kila aliyesimama ndani yake aliamini kwamba foleni ya jirani inakwenda haraka zaidi. Vigari vya mizigo viligongana. Mtoto mmoja alilia akitaka kupimwa kwenye mzani wa masanduku. Juu ya kelele hizo zote ikasikika filimbi, fupi na kali, kama ya mwamuzi wa mpira.

"Kina mama, pasipoti mkononi! Siyo ndani ya pochi, wala ndani ya pochi iliyo ndani ya pochi. Mkononi!"

Aliyepuliza alikuwa msichana mrefu, amevaa gauni la buluu lenye mifuko mikubwa na raba nyeupe, na kichwani amefunga kitambaa cha njano ili wateja wake wamwone kwa mbali. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu matembezini katika nchi zisizodai viza. Jina lake walilijua wachache. Wengine wote, ofisini hadi kwa wateja, walimwita Filimbi.

Siku hiyo alikuwa na kundi la wauguzi wastaafu, wanawake waliokuwa wametumia ujana wao wodini na sasa walitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu atakayewaita "sista, maji". Mkubwa wao kwa umri alikuwa Bibi Sindano, mfupi, mnene, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Ndiye aliyetangulia dirishani.

Ndani ya kibanda cha kioo alikaa afisa uhamiaji ambaye wenzake walimwita Muhuri, kwa sababu alipogonga, aligonga mara moja tu, na meza ya jirani ikatikisika. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mfuko wa kifuani ulikuwa umejaa kalamu.

"Mama, hapa hujatia sahihi," alisema.

"Sahihi ya nini tena, baba? Kwani uso si wangu?"

"Uso ni wako. Lakini pasipoti isiyo na sahihi, huko mbele wanaweza kukurudisha."

Bibi Sindano alianza kupekua pochi akitafuta kalamu, asiione. Muhuri akamtazama kidogo, kisha akatoka kibandani akiburuta kiti chake mwenyewe. Akamkalisha, akampa kalamu, akamshikia pasipoti isiteleze. Foleni ikaguna. Yeye akasimama vile vile mpaka mama wa watu akamaliza kuandika jina lake, herufi moja moja.

Filimbi aliyaona hayo, akayaweka moyoni. Ilipofika zamu yake, akaingia na tabasamu. Tabasamu halikumsaidia.

"Unakwenda kufanya nini?"

"Kuwatembeza hawa."

"Mwezi uliopita ulikwenda huko huko."

"Na mwezi ujao nitakwenda. Ndiyo kazi yenyewe."

"Una ndugu huko?"

"Dada yangu. Afande, nchi ninayokwenda haitaki viza."

"Bila viza si bila maswali."

"Maswali haya hata mama mkwe hajaniuliza."

"Huna mama mkwe," alisema bila kuinua kichwa. "Hapa umeandika hujaolewa."

Kina mama wakaangua kicheko. Bibi Sindano akapiga makofi. Muhuri akagonga muhuri, meza ikatikisika, na Filimbi akapita huku mashavu yanamuwaka. Wakiwa angani ndipo walipogundua kwamba Bibi Sindano ameondoka na kalamu ya watu.

Waliporudi, Filimbi aliitafuta ile sura ya ukali katika madirisha yote mpaka akaipata.

"Nimeleta mali ya serikali," alisema, akiisukuma kalamu chini ya kioo.

"Ni kalamu yangu mwenyewe. Nanunua ili nigawe. Abiria huwa hawana."

"Basi huu ni wizi wa kawaida. Unanifunga?"

"Nitakuhoji kwanza."

"Wapi?"

Muhuri alitazama huku na huku kama mtu anayetaka kuvunja sheria. "Penye chai," alisema.

Ndivyo walivyoanza. Chai ikazaa matembezi, matembezi yakazaa simu za kila asubuhi. Filimbi alimpenda kwa mambo ambayo yeye mwenyewe hakujua kwamba anayafanya: alitembea upande wa barabara wenye magari, alipunguza hatua bila kuambiwa, alimpigia mama yake mzazi kila alipopumzika kazini na kumsikiliza habari za kuku mpaka mwisho. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo aliutoa dirishani.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Sokoni."

"Na nani?"

"Na vitunguu."

"Mbona nasikia sauti ya mwanamume?"

"Ndiye anayeuza vitunguu, Muhuri. Nikupe umhoji?"

"Aa, nauliza tu."

"Basi nami nauliza tu. Umekula?"

"Nimekula."

"Ulikula nini, ulikula wapi, na una uthibitisho gani?"

Hapo alicheka. Akicheka, ugonjwa ulipungua kwa siku kadhaa.

Siku moja, wamekaa kwenye ngazi za nyumba aliyopanga Filimbi, Muhuri alimfundisha siri ya kazi. "Wakija wawili wakasema ni wapenzi nasi tukawatilia shaka, tunawatenganisha. Kila mmoja chumba chake, maswali yale yale. Pazia la chumbani rangi gani? Nani hulala upande wa ukutani?"

"Wakijibu sawasawa mnawaachia."

"Wakijibu sawasawa kabisa ndipo tunawashika vizuri. Hao wamekariri. Wanaopendana kweli hawakubaliani hata rangi ya pazia."

Filimbi alicheka mpaka akamwegemea. "Na wewe pazia langu ni rangi gani?"

"Kijani."

"Ni buluu."

"Ni kijani, kipenzi."

"Basi tumepita," akasema.

Naye akamfundisha ya kwake, maana watu wengi husikia "bila viza" wakadhani ni kama kuingia sokoni. Pasipoti iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita. Iwe na kurasa tupu. Tiketi ya kurudi, mahali pa kulala panapojulikana, bima ya safari, kadi ya chanjo kwa nchi zinazoidai. Na usiamini maneno ya jirani aliyekwenda zamani, masharti hubadilika, ulizia upya kila unapokwenda.

"Hayo nayajua kuliko wewe," alisema Muhuri.

"Unayajua kwa kuyasoma. Umewahi kusafiri?"

Muhuri akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Ukweli ni kwamba maisha yake yote alikaa upande mmoja wa mstari wa njano uliochorwa sakafuni mbele ya dirisha lake. Aliwavusha watu wengi, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuuvuka.

"Mwezi ujao ninawapeleka tena kina Bibi Sindano," Filimbi alisema. "Chukua likizo. Twende."

"Mimi? Katikati ya wauguzi wastaafu?"

"Ukiugua njiani utajuta kuzaliwa, watakugombania. Twende, mpenzi."

Akakubali. Akaomba likizo, akashughulikia pasipoti mpya, akanunua begi dogo la kahawia na kofia ya kitalii ambayo ilimkaa vibaya sana, na Filimbi hakumwambia.

Wiki ya safari alikwenda kwa Filimbi kumsaidia kufunga mizigo. Chumba kilikuwa kama siku zote: kitanda, meza, jiko dogo pembeni, pazia lile lenye ubishi. Lakini ukutani, juu ya meza, palikuwa na alama ya mraba iliyo nyeupe kuliko ukuta wote, na msumari mtupu juu yake. Picha ya marehemu mama yake Filimbi haikuwepo.

Muhuri aliutazama msumari ule. Kisha akanyanyua sanduku. Likawa zito.

Mtu wa kawaida angesema, lo, zito. Muhuri hakuwa mtu wa kawaida. Kazini alijifunza kwamba mtalii hubeba nguo, na anayehama hubeba ukuta. Na kwenye mfuko wa nje wa sanduku ilichungulia bahasha ya vyeti vya shule.

"Picha ya mama iko wapi?"

"Nimeifunga. Nampelekea dada, yeye hana hata moja."

"Yote na fremu?"

"Yote na fremu. Kwani nitaichuna?"

"Na vyeti vyako vya shule? Navyo dada hana?"

Filimbi alikunja upya gauni lililokuwa limeshakunjwa. Maana hapo shaka ilikuwa na mguu wa kusimamia. Dada alikuwa ameolewa huko ng'ambo miaka mingi, na siku zile alimpigia simu mara kwa mara. Kuna ofisi ya matembezi, alisema, inataka mtu anayejua kazi. Njoo na vyeti, waonane nawe. Ukipenda, utarudi baadaye na kibali halali. Filimbi hakusema ndiyo. Hakusema hapana vilevile. Kwa Muhuri hakusema kitu, kwa kuwa alijua maswali yatakayofuata.

"Ni mazungumzo tu," alisema sasa. "Nilitaka nikuambie tukiwa huko."

"Tukiwa huko, umeshavuka."

"Muhuri, hapa si dirishani."

"Utarudi lini?"

"Tiketi yangu umeiona."

"Tiketi ya kurudi kila mtu anayo! Hata yule aliyekuwa mchumba wangu alikuwa nayo. Nilimgongea mwenyewe muhuri, kwa mkono huu. Akanipungia kupitia kioo. Wiki moja tu, alisema."

Filimbi alikuwa hajawahi kusikia habari hizo. Akasogea, akataka kumshika mkono. Huenda jambo lingeishia hapo, kwa machozi kidogo na chai. Lakini mtu mwenye hofu husema la mwisho kabla ya la kwanza.

"Na ujue," Muhuri alisema, "nikitaka, siku ya safari huvuki. Neno langu moja tu pale dirishani linatosha."

Filimbi akaurudisha mkono wake.

"Rudia."

Hakurudia. Alishaona jinsi uso wa binti ulivyofungwa.

"Nilikupenda kwa sababu ulimpa mzee kiti chako," Filimbi alisema taratibu. "Sikujua kumbe kiti hicho ndicho utakachonitishia. Leo utanizuia kwa muhuri. Nikiwa mke wako utanizuia kwa nini?"

"Filimbi..."

"Tiketi yako hairudishwi, na jina lako liko kwenye kundi. Njoo kama mteja. Kaa na wateja."

Muhuri alipoondoka, Filimbi alimpigia dada yake. Dada alifurahi kupita kiasi. "Sema ndiyo basi, mdogo wangu! Nimeshakutandikia kitanda."

"Nitakujibu nikifika."

"Na huyo polisi wako?"

"Si polisi."

"Anayeuliza kama polisi ni polisi."

Filimbi akakaa kitandani, akiutazama ule msumari. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na woga. Yeye naye sasa alikuwa na shaka: huyu mwanamume anataka kusafiri na mimi, au anataka kunilinda nisitoroke?

Siku ya safari Muhuri alifika mapema na kofia yake, na mkononi faili nene la kijani. Hakumsogelea. Alisimama nyuma ya foleni kama walivyoelewana, na zamu yake ilipofika, mwenzake wa kazi akamchekelea kupitia kioo.

"Afande, unakwenda kufanya nini?"

"Gonga, bwana."

"Utarudi lini?"

"Gonga!"

Akagonga. Mbele yake Filimbi alikuwa ameshapita, hakuna aliyemzuia wala kumchelewesha. Hilo Filimbi aliliona. Akajiambia halina maana.

Ndani ya ndege Muhuri alikaa kati ya Bibi Sindano na mwenzake aliyelala mdomo wazi. Fomu za kuingilia zilipogawiwa, mfuko wake wa kalamu ukafunguka. Mpaka wanatua alikuwa amewasaidia nusu ya kundi, akiwaonyesha wapi pa kuandika namba ya pasipoti na wapi jina la hoteli, akichuchumaa kwenye njia ya katikati ya viti kama mwalimu wa chekechea.

"Mkwe," Bibi Sindano alimnong'oneza, "mbona binti hakutazami?"

"Nilisema neno baya, mama."

"Neno baya lipi?"

Akamwambia. Bibi Sindano akamtazama kwa macho ya mtu aliyewahi kufungua vidonda vingi. "Hilo halipakwi dawa kwa mdomo," alisema. "Litafutie la kufanya."

Ukumbi wa kuingilia ulikuwa mweupe, baridi, sakafu inang'aa, na pale sakafuni palikuwa na mstari wa njano, ndugu wa ule wa nyumbani. Filimbi alitangulia, akaeleza kwamba kundi ni lake, akavuka. Kina mama wakafuata mmoja mmoja. Simu yake ikaita.

"Nipo nje!" dada alisema. "Nimevaa koti jekundu. Umefika?"

"Nimefika. Nawasubiri wateja."

"Waache wajitafutie, ni watu wazima. Na jibu?"

"Ngoja nitoke, dada."

Akageuka. Kundi zima lilikuwa limevuka, isipokuwa mmoja.

Muhuri alikuwa dirishani, mbele ya afisa mwanamke mwenye miwani na nywele zilizovutwa nyuma. Alikuwa ameweka faili lake juu ya kaunta na analifungua. Pasipoti, tiketi ya kurudi, hoteli, bima, kadi ya chanjo, kila kitu kama sheria inavyotaka. Halafu barua ya mwajiri, barua ya mwenye nyumba wake, na juu ya hapo picha ya nyumba yenyewe, na nyingine ya mama yake amesimama na kuku.

Afisa alifungua karatasi baada ya karatasi, na kila alivyofungua uso ulizidi kukunjamana. "Bwana, hapa watu huja na pasipoti na tiketi. Wewe umeleta maisha yako yote. Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Mimi ni afisa uhamiaji."

"Afisa uhamiaji. Na pasipoti hii ni mpya, haina muhuri hata mmoja ila wa leo."

"Sijawahi kusafiri."

"Hujawahi." Alivua miwani. "Haya. Umekuja kuona nini?"

Muhuri alifungua mdomo. Alikuwa amekariri yote: atalala wapi, atarudi na ndege gani, nani wa kupigiwa likitokea tatizo. Pa kutembelea hakukariri hata mahali pamoja. Hakujua kama nchi ile ina mlima au mto. Jibu la kweli lilikuwa limesimama ng'ambo ya mstari, na kitambaa cha njano kichwani.

"Nauliza umekuja kuona nini," afisa alirudia.

Naye Muhuri, ambaye aliwakamata watu wengi kwa kimya cha namna hiyo, akanyamaza.

Wakampeleka chumba cha pembeni chenye mlango wa kioo. Filimbi alimwona akiingia, kofia mkononi, mabega yameshuka. Moyo wake ukafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ulisema: sasa ajue inavyouma. Na uliona kwamba lile begi la kahawia limebaki sakafuni peke yake.

"Kiongozi, nendeni," mhudumu mmoja aliwaambia. "Huyo atachelewa. Huenda akarudishwa na ndege ile ile."

Simu ikaita tena. Dada. Mlango wa kutokea ulikuwa hatua chache mbele, unafunguka na kujifunga wenyewe, na kila ulipofunguka ilionekana rangi nyekundu ya koti.

Bibi Sindano aliketi juu ya sanduku lake. "Mimi miguu imekufa," alitangaza. Mwenzake akaketi. Mwingine akaketi. Punde kundi zima lilikuwa limekaa juu ya mizigo katikati ya ukumbi, limefumba midomo kama wagonjwa wanaokataa uji.

"Kina mama, mnafanya nini?" Filimbi aliuliza.

"Tunapumzika," alisema Bibi Sindano. "Kalamu ya yule kijana iko kwangu tena. Siwezi kutoka na mali ya watu."

Filimbi akatazama mlango. Akatazama kile chumba. Kisha akaikata simu, akageuka, akarudi mpaka kwenye mstari wa njano na kumwita yule afisa mwenye miwani.

"Yule ni mtu wangu."

"Wako kwa namna gani?" Afisa alikuwa na daftari mkononi. "Maana nimeshamuuliza yeye."

"Ni mchumba wangu," alisema Filimbi. Neno lilitoka kabla hajalipima, akashangaa kulisikia.

Afisa akainua nyusi. "Ajabu. Yeye amesema wewe ni kiongozi wa kundi tu. Kasema alilipia safari kama mteja yeyote, hamjuani zaidi ya hapo."

Filimbi akahisi kama amemwagiwa maji. Kumbe? Basi hata hapa ananikana? Ile shaka yote ikarudi. Ila aliifahamu kazi yake. Ghafla akakumbuka kitu ambacho Muhuri alikijua vizuri kuliko yeye.

"Samahani, afande. Mtu akirudishwa, na akawa ni jamaa wa kiongozi wa kundi, kiongozi anafanywaje?"

"Naye anaitwa ndani. Tunamhoji. Anaweza kuzuiwa asilete watu tena, pengine hata asiingie yeye."

"Na akiwa mteja tu?"

"Akiwa mteja tu, anarudi peke yake." Afisa aligeuza ukurasa wa daftari. "Hilo naye aliniuliza, kabla hajajibu."

Filimbi akaweka kiganja juu ya mdomo. Kule nyumbani, Muhuri alisema neno lake moja linatosha asivuke. Hapa, kwa neno moja, amejifungia nje ili yeye apite. Mtu asiyejua kusema uongo, aliyejenga maisha yake juu ya kuwashika waongo, amesema uongo wa kwanza, na ameusema vibaya.

"Bi," afisa alisema, na sasa sauti ilikuwa imelegea, "huyu bwana amekuja kuona nini?"

"Amekuja kuona kama nitarudi nyumbani."

"Na utarudi?"

Mlango wa kioo ulikuwa wazi kidogo. Muhuri alikuwa amesimama, faili limemdondoka miguuni, hajaliokota.

Filimbi alivuta pumzi. "Dada yangu yuko nje, na kitanda amenitandikia. Kazi ipo pia. Nitakwenda kumsalimu, nitamwachia picha ya mama, yeye ndiye hana. Halafu nitarudi na ndege niliyoandikiwa, pamoja na hawa kina mama. Na huyo mwenye kofia mbaya."

"Mbaya?" Muhuri alisema kutoka ndani.

"Mbaya sana, mpenzi. Sikutaka kukuumiza."

Afisa alimtazama huyu, akamtazama yule. Akafunga daftari.

"Wangekuwa wametunga, wangetunga kitu kimoja," alimwambia mwenzake wa dirisha la pili. Akagonga muhuri, taratibu, kwa namna ambayo Muhuri, kwa mazoea ya kazi, aliona haina nguvu ya kutosha. Hakusema.

Alivuka mstari ule kama mtu anayeruka mfereji. Kina mama wakainuka wote kwa mpigo, miguu imepona.

"Nisamehe," alimwambia Filimbi. "Lile neno. Sitaki kuwa dirisha lako."

"Nimesikia ulivyolifuta. Lakini nami nilikuficha, na nimekosa. Ungeuliza vizuri ningekuambia."

"Sijui kuuliza vizuri."

"Utajifunza. Beba begi."

Nje, dada mwenye koti jekundu alimpima Muhuri kuanzia kofia hadi viatu. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Unaitwa nani? Unafanya kazi gani? Nia yako ni nini kwa mdogo wangu?"

Muhuri alianza kufungua faili. Filimbi akalifunga kwa kiganja, akicheka huku machozi yanamtoka.

Kukataa kazi ile haikuwa kazi ndogo. Dada alilia, akakasirika, akapika, akalia tena. Siku ya kuondoka aliitundika picha ya mama yao sebuleni kwake na kusimama mbele yake muda mrefu, na Filimbi akamshika kiuno. Yule mama hakuwahi kupanda ndege. Sasa mmoja wa mabinti zake angemwona kila asubuhi, na mwingine angemkumbuka kwa msumari.

Walirudi na ndege waliyoandikiwa.

Jumamosi iliyofuata Muhuri alikwenda kwa Filimbi na mkate na maziwa. Aliketi kwenye kiti kilichotazamana na ukuta. Ile alama nyeupe ilikuwa pale pale, na msumari wake. Filimbi alikuwa anachemsha chai, akimchungulia kwa jicho la pembeni. Aliona jinsi anavyoutazama ukuta, jinsi swali linavyompanda kooni, na jinsi anavyolimeza pamoja na mkate.

"Mbona huulizi?" alisema.

"Niulize nini?"

"Chochote. Umekaa kimya kama mtu aliyeng'olewa jino. Leo nakupa swali moja, Muhuri. Moja tu, kwa hiyo lichague."

Akalichagua kwa muda mrefu, mpaka chai ikachemka na kumwagikia jiko. Filimbi alidhani atauliza dada amesema nini tena kwenye simu, au ile kazi imepata mtu mwingine. Alikuwa amejiandaa kujibu yote.

Muhuri aliweka mkate chini. Akaonyesha msumari kwa kidole.

"Hapo," alisema, "tutatundika nini?"

Filimbi alizima jiko, akaja akaketi karibu naye. Wakautazama ukuta pamoja.

"Kwanza," alisema, "tukubaliane rangi ya pazia."